Tanbihi ya Arobaini na Moja

Nilipewa kazi ya kupima thamani ya dakika.
Profesa Nesse alituchorea ubaoni, kwa chaki inayolia,
kwamba daraja ni hesabu ya mistari miwili:
gharama huku, muda uliookolewa kule,
ukitoa, unapata jibu.
Haraka haina baraka, husema watu.
Darasani kwetu haraka ilikuwa na bei,
kwa saa, kwa kichwa, kabla ya kodi.

Basi Novemba nzima nikashinda kwenye kivuko cha Solvika,
kizibao cha manjano, kalamu imefungwa uzi shingoni,
hojaji mia tatu ndani ya mfuko wa plastiki
maana mvua ya pwani ile hainyeshi, inahamia.
Kuvuka fiodi ni dakika kumi na saba.
Daraja likijengwa zitabaki tatu.
Nikagonga vioo vya magari:
Samahani, ungelipa krona ngapi uokoe dakika kumi na nne?

Dereva wa lori la samaki hakuwaza mara mbili.
Mia mbili. Andika mia tatu. Barafu inayeyuka, kijana,
na mnunuzi wa salmoni hana simile.
Mkunga, angali na sare, akasema chochote kile;
kuna mama alimzalisha humu humu, katikati ya magari,
kando ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.
Niliandika. Nilishukuru. Grafu ilikuwa inapanda vizuri.

Kisha gari dogo la kijani, safu ya tatu.
Torbjørg Aaland, miaka sabini na moja,
anakula chapati nene ya kivukoni, siagi na sukari,
karatasi ameitandaza magotini.
Mumewe yuko ng'ambo, kwenye nyumba ya wauguzi.
Huvuka kila siku, kwenda na kurudi.
Alilisoma swali, akavaa miwani, akalisoma tena.

Krona ngapi ili nisikae hapa?
Ndiyo, mama.
Nyumbani nafua mashuka, akasema.
Kule namlisha uji kwa kijiko
huku nikiitika jina la dada yake.
Hapa hakuna wa kunitaka kitu.
Injini inafanya kazi, mimi sifanyi.
Andika kwamba ningelipa zisipungue.

Hojaji haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Niliandika pembeni, tone likaangukia wino.

Usiku, chumba cha kompyuta, kahawa ya mashine.
Jurgita, anayetafiti makontena matupu,
jinsi yanavyoizunguka dunia yakibeba hewa kwa pesa nyingi,
alichungulia kioo changu.
Hasi? Thamani ya muda, hasi?
Hiyo ni kelele. Futa.
Kitabu nacho kina jina lake: jibu la kupinga,
huondolewa kabla ya kukadiria.

Nilimfuta. Modeli ikatulia kama mtoto aliyeshiba.
Nikamrudisha. Ikaanza kulia.
Saa nane usiku nikamfuta tena,
nikaenda kulala na viatu.

Siku ya kutetea tasnifu, Nesse aliuliza swali moja tu:
Ulihoji watu mia tatu. Jedwali lina mia mbili tisini na tisa.
Nikamwonyesha ile karatasi, wino umevimba.
Aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusomwa.
Weka tanbihi, akasema,
akanipa alama nzuri.

Iko ukurasa wa themanini na nane, herufi ndogo:
*Mhojiwa mmoja hakujumuishwa.*

Machi nilivuka tena, bila kizibao, bila swali.
Nilinunua chapati, nikakaa, nikashindwa kukaa.
Nilipima upana wa sitaha kwa macho,
nikahesabu magari, nikakisia mapato ya safari.
Safu ya tatu ilikuwa na pengo la gari dogo.
Baharia akalitazama, akatazama saa,
akaipungia mkono gari ya fundi bomba,
nayo ikaingia, ikatosha barabara.